SOMO LA MWEZI: MAANA YA NENO “KAMA” KATIKA AGANO JIPYA

Maandiko ya kusoma: Mathayo 4:1–11, Marko 9:14–29, Yohana 11:1–44, Mathayo 26:36–46



Somo hili halikutoka kwenye kitabu cha masomo ya mwaka. Limetoka kwenye swali. Jumatano moja tulikuwa tukijifunza habari za Lazaro chini ya turubai letu la kanisa, na mama mmoja akainua mkono. Alisema hivi: “Mwalimu, mimi nina shida na neno ‘kama’. Mtoto wangu aliugua tukiwa njiani, kabla hatujavuka mpaka. Niliomba usiku kucha. Asubuhi alikuwa amekwisha kufa. Baadaye mhubiri mmoja akaniambia, kama ungalikuwa na imani, mtoto angalipona. Tangu siku hiyo, nikisikia ‘kama’ kwenye Biblia, naona ni mimi ninayesemwa.”

Darasa lote lilinyamaza. Nami sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba mama anipe muda nikasome. Ndugu zangu, haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa ajili ya mama huyo na kwa wengine wengi ambao wana swali hilo moyoni lakini hawajainua mkono.

1. KWANZA TUJUE LUGHA

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Hakikuwa Kigiriki cha wenye elimu kubwa peke yao, bali cha watu wote, kinachoitwa Koine. Kilisemwa sokoni, bandarini na barabarani katika nchi nyingi za mashariki ya bahari ya Mediterania. Wengi waliokitumia walikuwa na lugha nyingine nyumbani. Ni kama Kiswahili chetu hapa: Mbembe, Mfuliiru, Mrundi na Mnyarwanda, kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini tukikutana kwenye bomba la maji au kwenye mstari wa mgao tunasemezana kwa Kiswahili.

Sasa angalia jinsi Kiswahili kinavyoweza kusema jambo lenye sharti:

(a) “Kama umefika, basi ingia.” Hapa ninachukua jambo kama lilivyosemwa, kisha ninaonyesha linaelekea wapi.

(b) “Ungalifika jana, ungalimkuta.” Hapa ninajua hukufika. Jana imepita. Haiwezi kurudi.

(c) “Ukifika, utamkuta.” Hapa jambo bado. Mlango uko wazi, unaweza kufika.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku mara nyingi tunatia “kama” kwa zote tatu, na anayesikia anaelewa kwa sauti na kwa jambo linalozungumzwa. Wagiriki nao walikuwa na njia zao. Neno lao la kwanza ni EI. Likifuatwa na kitenzi cha kusema jambo waziwazi, linaleta sharti la aina (a). Likifuatwa na kitenzi cha wakati uliopita, na kwa kawaida kineno AN kikaja katika sehemu ya pili ya sentensi, linaleta aina (b), yaani jambo ambalo halikutokea. Neno la pili ni EAN, ambalo limetokana na EI na AN kuunganishwa pamoja. Hilo kwa kawaida linaleta aina (c), jambo ambalo bado linangojewa.

Basi, mpendwa, unaposoma “kama” au “ikiwa” katika Biblia, usikimbie kujihukumu. Uliza kwanza: hii ni “kama” ya aina gani? Na nani anaisema?

2. “KAMA” YA IBILISI JANGWANI

Fungua Mathayo 4. Ibilisi anamjia Yesu baada ya siku 40 za kufunga, njaa ikiwa kali. Mara mbili anaanza maneno yake kwa EI: kama wewe ni Mwana wa Mungu, fanya hiki, kama wewe ni Mwana wa Mungu, fanya kile.

Wako wahubiri wanaofundisha kwamba EI ya namna hii maana yake ni “kwa kuwa”, yaani Ibilisi alikubali kabisa kwamba Yesu ni Mwana. Wengine wanasema hapana, alikuwa anatia shaka. Tufanyeje? Neno EI peke yake haliwezi kumaliza ubishi huu. Tazama Mathayo 12:27–28. Hapo Yesu anatumia EI mara mbili zikifuatana. Kwanza anasema, ikiwa ninatoa pepo kwa Beelzebuli. Pili anasema, ikiwa ninatoa pepo kwa Roho wa Mungu. Neno ni lile lile na kitenzi ni kile kile. Je, zote mbili zinaweza kuwa “kwa kuwa”? Haiwezekani! La kwanza ni uongo wa wapinzani wake, la pili ni kweli. Kwa hiyo EI ya aina (a) maana yake ni: “Tuchukue jambo hili kuwa ndivyo lilivyo, tuone linatupeleka wapi.” Kama ni kweli au si kweli, hilo tunalijua kwa maneno yanayolizunguka.

Paulo pia anafanya hivyo katika 1 Wakorintho 15:12–19. Anarudia EI tena na tena: ikiwa wafu hawafufuliwi, basi hata Kristo hakufufuka, na imani yetu ni bure. Paulo haamini kwamba wafu hawafufuliwi. Analichukua neno la wapinzani, analifuata hatua kwa hatua mpaka waone shimo lililo mwisho wa njia hiyo. Kisha katika mstari wa 20 anageuka na kutangaza kwamba Kristo amefufuka.

Sasa turudi jangwani. Maneno yanayozunguka yanasema nini? Soma mwisho wa sura ya 3. Yesu ametoka tu kubatizwa, na sauti ya Baba imemwita Mwana mpendwa. Kabla hajafanya muujiza hata mmoja, amekwisha kuitwa Mwana. Ibilisi analichukua neno hilo la Baba na kulifanya kuwa deni: kama ni Mwana, basi thibitisha. Na tazama, neno “mpendwa” ameliacha.

Katika jaribu la tatu anabadilisha neno. Hasemi tena EI. Mstari wa 9 una EAN: ukianguka kunisujudia, nitakupa. Hapa sasa ni biashara. Mlango umefunguliwa, Yesu anaweza kuingia au kukataa. Alikataa, na kila jibu alilotoa lilitoka Kumbukumbu la Torati, kitabu kinachowahusu watu waliotembea jangwani miaka 40 bila kuwa na makao.

Ndugu zangu, “kama” hii ya Ibilisi tunaisikia hata hapa. “Kama Mungu wenu yupo, mbona mmekaa kambini miaka hii yote?” “Kama wewe ni mtoto wa Mungu, mbona jina lako halionekani kwenye ubao wa wanaokwenda nchi ya tatu?” Hata pale msalabani wapita njia walimrudishia Yesu maneno yale yale ya jangwani (Mathayo 27:40): kama ni Mwana, ashuke. Hakushuka. Je, alikuwa si Mwana? Alikuwa Mwana akiwa na njaa jangwani, na alikuwa Mwana akiwa ametundikwa msalabani. Shida haimwondoi mtu katika kuwa mtoto wa Baba.

3. “KAMA” YA MARTHA NA MARIAMU

Sasa tuje kwenye ile iliyomuumiza mama yetu. Yohana 11. Lazaro amekufa, ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki Yesu na kumwambia kwamba angalikuwapo hapo, ndugu yake hangalikufa (mstari wa 21). Baadaye Mariamu anaanguka miguuni pa Yesu na kusema neno hilo hilo (mstari wa 32). Inaonekana dada hawa walikuwa wameliongea pamoja siku zile zote nne. Sisi tuliofiwa tunajua jinsi neno la namna hiyo linavyozunguka ndani ya nyumba.

Hii ni EI ya aina (b), pamoja na kile kineno AN. Ni “-ngali-” yetu. Ni sharti la jambo lililopita ambalo halikuwa. Hakuna mtu awezaye kulitimiza sasa. Hakuna awezaye kurudi nyuma siku nne na kumweka Yesu kando ya kitanda cha Lazaro.

Je, sisi hatuna hizo? “Tungaliondoka kijijini siku moja mapema.” “Ningalimshika mkono usiku ule tulipokimbia.” “Tungalipita njia ya ziwa, si ya msitu.” Kila familia hapa ina “ngali” yake. Wengine wamelala nayo kwa miaka 20.

Angalia Yesu alifanya nini na “ngali” za dada hawa. Hakumkemea Martha. Hakumwambia Mariamu kwamba imani yake ni ndogo. Kwa Martha alisema habari za ufufuo na uzima. Na alipomwona Mariamu akilia, pamoja na watu waliomfuata, alilia machozi (mstari wa 35). Yeye aliyejua atamfufua Lazaro baada ya muda mfupi, alilia kwanza.

Tena, Martha na Mariamu hawakutumia “ngali” kumhukumu mtu aliyefiwa. Waliipeleka kwa Bwana mwenyewe, ikiwa na uchungu wake wote. Mhubiri yule alifanya kinyume. Alichukua neno la kilio akalifanya neno la hukumu, akamwekea mama kichwani. Hakuna mahali katika Injili ambapo Yesu anamwambia mzazi aliyefiwa kwamba mtoto wake angalipona kama imani ya mzazi ingalikuwa kubwa zaidi. Tafuta Injili zote nne, hutaliona.

Kisha jambo zuri sana. Walipofika kaburini, Martha alisita kwa sababu ya harufu. Ndipo katika mstari wa 40 Yesu anamkumbusha: ukiamini, utaona utukufu wa Mungu. Je, ni EI? Hapana. Ni EAN! Martha alikuja na sharti la jana ambalo limefungwa. Yesu akampa sharti la mbele ambalo liko wazi. Hakumwambia asahau jana. Alimwonyesha kwamba Mungu bado ana kesho.

4. “KAMA” YA BABA MWENYE MTOTO MGONJWA

Mtu anaweza kusema: “Lakini Mwalimu, Marko 9 inasema yote yawezekana kwake aaminiye. Basi si imani ndiyo iliyokosekana?” Tusome vizuri.

Baba huyu amemleta mwanawe anayeangushwa na pepo tangu utoto. Wanafunzi wameshindwa kumponya. Baba amechoka. Anamwambia Yesu kwa EI: kama unaweza neno lolote, utuhurumie, utusaidie (mstari wa 22). Yesu anarudia maneno ya baba. Katika Kigiriki kuna kineno kidogo mbele yake kinachoonyesha kwamba anayashika maneno ya mwenzake na kuyarudisha, kama mtu anayesema: “Hiyo ‘kama unaweza’ yako!” Maana yake, swali la uwezo si swali la kuuliza kwa Mungu.

Linganisha na mwenye ukoma katika Mathayo 8:2. Yeye alitumia EAN: ukitaka, waweza. Hakuwa na shaka juu ya uwezo. Aliacha mapenzi mikononi mwa Bwana. Baba wa Marko 9 hakuwa amefika hapo. Alikuwa na shaka hata juu ya uwezo.

Sasa, je, Yesu alimfukuza? Baba alilia kwa sauti kwamba anaamini, na hapo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Imani yake ilikuwa nusu kwa nusu, kama godoro lililoraruka likashonwa kwa uzi wa gunia. Na mtoto aliponywa! Kama kipimo kingalikuwa imani kamili isiyo na ufa, mtoto yule hangalipona siku ile. Baba alisikiwa si kwa sababu imani yake ilikuwa kubwa, bali kwa sababu aliyeombwa ni mkuu na mwenye huruma. Na wanafunzi walipouliza kwa nini walishindwa, Yesu hakumtaja baba. Aliwaambia wao habari ya kuomba. Wahubiri na tuangalie sana hapo.

5. “KAMA” YA BWANA MWENYEWE

Tumalizie Gethsemane, Mathayo 26. Hapa anayesema “kama” ni Bwana Yesu. Katika mstari wa 39 anaomba kwa EI: ikiwa yawezekana, kikombe kimwepuke, lakini mapenzi ya Baba ndiyo yatimie. Katika mstari wa 42 anaomba mara ya pili, na sasa maneno yamesogea. Ndani ya ombi hilo moja kuna EI na kuna EAN: ikiwa haiwezekani kipite, ila akinywe, basi mapenzi ya Baba yafanyike. Ombi la kwanza lilianza na “ikiwa yawezekana.” La pili limeanza na “ikiwa haiwezekani.” Usiku ule, kati ya maombi mawili, Mwana wa Mungu alitembea safari ndefu.

Kikombe hakikuondolewa. Je, tutasema Yesu hakuwa na imani ya kutosha? Hasha! Waebrania 5:7 inatuambia kwamba aliomba kwa kulia sana na machozi, na kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa, na bado alikufa, na siku ya tatu alifufuka. Basi kusikilizwa na Mungu na kupewa lile tuliloomba usiku ule ule si kitu kimoja.

Mama yangu mpendwa uliyeuliza swali, hili ndilo jibu langu. Usiku ule ulipoomba njiani, ulikuwa Gethsemane. Aliyekuambia “ungalikuwa na imani” alisoma vibaya. Ombi lako lilisikiwa. Mtoto wako yuko kwa Yule aliyelia kaburini kwa Lazaro. Kwa nini Mungu hakumponya asubuhi ile, mimi sijui, na sitajifanya najua. Lakini najua kwamba Biblia haikuwekei kosa hilo, na sisi kanisa hatuna ruhusa ya kukuwekea.

6. HITIMISHO

Katika Warumi 8:31 Paulo anatumia EI kwa mara nyingine, juu ya Mungu kuwa upande wetu. Ni aina (a). Amekwisha kuonyesha katika sura nzima kwamba Mungu yuko upande wetu, kisha analichukua jambo hilo na kuuliza ni nani basi atakayetupinga. Na usidhani alikuwa anawaandikia watu waliokaa raha. Mstari wa 35 unataja dhiki, adha, njaa, uchi, hatari, upanga. Sisi tunaijua orodha hiyo bila kusomewa. Paulo hasemi kwamba Mungu akiwa upande wetu hayo hayatakuja. Anasema hayo hayawezi kututenga na upendo wa Kristo.

Basi tukumbuke mambo manne:

- “Kama” ya Ibilisi inadai uthibitisho. Ijibu kwa Neno.
- “Kama” ya jana, yaani “ngali”, haifunguki tena. Ipeleke kwa Bwana ukalie naye.
- “Kama” ya Bwana, ile EAN, inatazama mbele. Tukiziungama dhambi zetu, yeye hutusamehe (1 Yohana 1:9, nayo ni EAN). Mlango huo uko wazi leo.
- Kamwe tusiichukue “kama” ya Biblia tukamwekea mtu aliyefiwa kuwa mzigo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Mathayo 12:27–28. Eleza kwa maneno yako jinsi EI moja inavyoweza kubeba jambo la uongo na jambo la kweli.
2. Ni “kama” gani za Ibilisi tunazozisikia hapa kambini? Tunazijibuje?
3. Je, kuna “ngali” unayolala nayo? Kama unaweza, mwambie mmoja tu katika kikundi, mwombe pamoja. Asiyeweza kusema asilazimishwe.
4. Tukienda kwenye msiba, ni maneno gani tuyaache, na ni maneno gani yanafaa?

MAMBO YA KUOMBEA

Tuwaombee wazazi wote waliozika watoto njiani na hawajui kaburi liko wapi leo. Tuwaombee wahubiri, wapewe hekima ya kulia kabla ya kufundisha. Tuziombee familia ambazo bado zinangoja majibu ya mahojiano, Bwana azitie nguvu wakati wa kungoja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote. Amina.

Mwalimu wenu wa mafundisho ya Jumatano